Jokofu la Nne Lahojiwa

SEHEMU YA TISA

Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa bado mezani, kalamu juu yake.

"Saini," Ato Melaku alisema. "Saini, acha funguo, pita getini. Nilikupa dakika kumi, umeshakula nne."

Hapo ndipo nilipowaacha, na najua mlivyonisema wiki nzima. Basi turudi chumbani upesi. Gari la chanjo linaondoka saa sita kamili, na sasa hivi ni saa tano na dakika kumi na tano.

Uliyelinunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, shika haya tu. Tuko mji wa Dessie, kwenye ghala la chanjo. Yapo majokofu sita, kila moja lina kipima joto chake, na vipima joto vyote vinapeleka habari kwa waya, kupitia kisanduku cha kuunganishia waya kiitwacho swichi, hadi kwenye skrini kubwa ukutani. Mwenye kazi ya kutunza waya hizo ni Zemzem Yimam, binti wa miaka thelathini na moja, mwenye ulimi mkali na shungi la kijani. Asubuhi ya leo Jumatatu alifika akakuta mahali pa jokofu la nne pameandikwa kistari tu. Hakuna namba. Alipouliza, mkuu wa ghala, Ato, yaani Bwana, Melaku Getahun, akasema yeye Zemzem ndiye aliyeharibu, tena kwa makusudi, kwa sababu Alhamisi walikwaruzana. Na chanjo za jokofu hilo zimeshapakiwa garini.

Zemzem aliisogeza ile kalamu kwa kidole kimoja hadi ikaanguka chini.

"Sisaini."

"Unasemaje?"

"Umenisikia, Ato Melaku. Sisaini kosa la mtu mwingine. Unasema nilizima swichi leo asubuhi?"

"Saa mbili na robo! Biniam ameandika ripoti."

Biniam Asrat, fundi mwenzake, alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba amevaa vya jirani.

"Vizuri," Zemzem alisema. Akavuta kiti, akakaa, akafungua kompyuta yake. "Tuiulize swichi yenyewe."

Ato Melaku alicheka. "Utaiulizaje? Maneno yako ya siri yote tumeyafuta. Huwezi kugusa kitu humu ndani."

"Kugusa siwezi, ni kweli. Lakini vifaa hivi vina maneno mawili ya siri. Moja la kuamuru, moja la kuuliza. Mmebadilisha la kuamuru." Alimtazama Biniam. "La kuuliza mmelisahau."

Biniam akafumba macho.

Aliyekuwa ameketi pembeni muda wote huo, shuka jepesi la netela limemzunguka mabegani na orodha ya watoto mapajani, alikuwa Sista Fanaye. Huyu ndiye muuguzi aliyekuwa aondoke na gari lile kwenda Haik. Sasa akainuka.

"Ato Melaku, muache aulize. Kuuliza hakumuumizi mtu."

"Tuna haraka, Sista."

"Mwenye gari ni mimi. Sina haraka."

Zemzem alikuwa ameshaanza. Skrini yake nyeusi, maandishi meupe, hakuna picha hata moja. Aliandika mstari mmoja: neno la kuuliza, anwani ya swichi, na swali. Akabonyeza.

Jibu likaja kabla hajaondoa kidole.

"Swali la kwanza, wewe ni nani. Inasema ni swichi ya ghorofa ya chini, chumba cha majokofu. Ndiyo yenyewe. Swali la pili, uko macho tangu lini." Akabonyeza tena. Akaisukuma kompyuta katikati ya meza. "Soma mwenyewe, Sista. Kwa sauti."

Sista Fanaye alivaa miwani. "Siku mia mbili na kumi na moja. Saa sita. Dakika..."

"Basi, inatosha. Swichi ikizimwa, hesabu hii inarudi sifuri. Hii haijazimwa kwa siku mia mbili na kumi na moja. Saa mbili na robo ya leo imetoka wapi, Biniam?"



"Labda nilikosea saa," Biniam alisema, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya gunia.

"Alikosea saa!" Ato Melaku alidakia. "Hukuizima, sawa. Umechomoa waya. Au umeukata. Yote mamoja."

Zemzem alitabasamu. Wasomaji wangu, mnaofuatilia tangu mwanzo mnalijua tabasamu hilo. Si la furaha.

"Asante kwa kunikumbusha. Waya wa jokofu la nne umechomekwa kwenye tundu namba saba la swichi. Kwa kila tundu, swichi ina majibu mawili. La kwanza, tundu limeamriwa likae vipi. La pili, lenyewe liko vipi. Waya ukikatwa, la kwanza linasema wazi, la pili linasema limefungwa. Yaani limeamriwa liwe wazi lakini limekufa. Tunaelewana?"

"Tunaelewana," Sista alisema.

Akabonyeza.

Mistari miwili. Sista Fanaye aliisoma kimoyomoyo kwanza, halafu akaisoma kwa sauti, polepole.

"Limeamriwa: lifungwe. Lenyewe: limefungwa."

"Hakuna waya uliokatwa," Zemzem alisema. "Mtu amekaa kwenye kompyuta, akatumia neno la kuamuru, akalifunga jokofu la nne mdomo."

"Wewe!" Ato Melaku alimnyooshea kidole. "Jana na leo asubuhi neno hilo ulikuwa nalo!"

"Nilikuwa nalo. Ndiyo maana nauliza swali la nne. Lilifungwa lini?"

Swichi haijui Jumamosi wala Jumatatu. Inajua tu imekaa macho kwa muda gani, na tundu lilibadilika ikiwa imekaa macho kwa muda gani. Zemzem alitoa moja kwenye nyingine pembeni ya ile barua ya kumfukuza, kwa kalamu ya Sista.

"Siku mbili, saa mbili na dakika kumi zilizopita. Sasa ni saa tano na dakika ishirini. Rudini nyuma."

Sista alihesabu kwa vidole. "Jumamosi. Saa tatu na dakika kumi asubuhi."

"Jumamosi nilikuwa Kombolcha kwenye harusi ya binamu yangu. Nina mashahidi mia tatu, na wote walikula. Jumamosi hii ghala lilikuwa limefungwa. Nani aliingia?"

Zemzem akaenda dirishani, akaita chini:

"Gashe Abegaz! Njoo na kitabu chako!"

Gashe Abegaz, kama wanavyoitwa wazee kwa heshima, ni mlinzi wa geti, mzee mrefu aliyepigana vita ambavyo havisimulii. Alipanda ngazi taratibu, kitabu kwapani, akawasalimu wote kwa kuinama, mmoja mmoja, kana kwamba hakuna mtu aliyekuwa akipiga kelele.

"Gashe, tusomee Jumamosi."

"Abegaz!" Ato Melaku alisema. "Rudi getini."

Mzee alimtazama. Akamtazama Zemzem. Akafungua kitabu.

"Jumamosi. Ato Melaku Getahun, saa mbili na nusu asubuhi. Biniam Asrat, saa tatu kasoro dakika tano." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Basi. Hakuna mwingine."

"Asante, Gashe."

"Narudi getini kwangu, binti yangu. Ukinihitaji, piga kelele kama hivyo hivyo."

Mlango ulipofungwa, Ato Melaku hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. La! Alikaa, akapanga tai yake, na sauti yake ikawa tamu.

"Sawa. Tulikuja. Kipima joto kilikuwa kinapiga kelele za uongo, nikamwambia Biniam akizime. Mimi ndiye mkuu, ni haki yangu. Jokofu lilikuwa nyuzi nne, nimeshika kwa mkono wangu mwenyewe. Chanjo ni nzima. Sasa, Sista, watoto wa Haik wanakusubiri."

Mnaona alivyo mjanja? Rekodi za kompyuta kuu za mwisho wa wiki zilikuwa zimefutwa, tena hilo nalo alikuwa amemsingizia Zemzem kwenye barua. Aliyebaki kujua ukweli alikuwa jokofu lenyewe, na jokofu lilikuwa limefungwa mdomo. Zemzem angeweza kuuliza mpaka jua lizame. Bila neno la kuamuru, tundu namba saba lisingefunguka.

Neno hilo alikuwa nalo mtu mmoja tu.

"Biniam," Zemzem alisema. "Lifungue."

"Usimguse huyo!" Ato Melaku alifoka. "Biniam, ukigusa kitufe kimoja, barua ya pili naandika sasa hivi."

Biniam alikuwa anatoka jasho, na Dessie mwezi ule watu walikuwa wamejifunga mashuka.

Sista Fanaye alimsogelea. Hakupandisha sauti.

"Biniam, mwanao ana miezi mingapi?"

"Mmoja na nusu, Sista."

"Anachanjwa lini?"

"Alhamisi."

"Kutoka jokofu lipi?"

Nawaambieni, sijawahi kusikia swali dogo likimpiga mtu mzima namna ile. Biniam aliangalia mlango. Akaangalia mkuu wake. Kisha akapita katikati yao wote, akainama kwenye kompyuta ya Zemzem, akaandika neno la kuamuru. Alikosea. Akaandika tena.

"Limefunguka," alisema. Akamgeukia Ato Melaku. "Andika hiyo barua. Nitaisaini kabla wino haujakauka."

Wakasubiri. Kifaa kilichofungiwa siku mbili hakiamki mara moja. Zemzem aliuliza, kimya. Akauliza tena, kimya. Mara ya tatu mistari ikashuka.

"Jokofu namba nne," alisoma. "Joto la sasa..."



"Soma!" Sista alisema.

"Nyuzi kumi na moja."

"Mungu wangu. Limepata joto."

Na hapo Ato Melaku akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Limepata joto! Jokofu ni tupu, Sista! Chanjo ziko garini, mlango uko wazi tangu saa nne! Ulitaka liwe nyuzi ngapi? Kabati la nyumbani kwako ni nyuzi ngapi?"

Sista Fanaye alimgeukia Zemzem, na uso wake ukasema maneno ambayo mdomo haukutaka. Kweli, jokofu tupu lililo wazi lazima lipate joto. Namba ile haikuthibitisha kitu.

Zemzem alihisi masikio yakimchoma. Lakini hakufunga kompyuta.

"Sijamaliza kuliuliza."

"Mimi nimemaliza kukusikiliza."

"Nimeuliza liko vipi sasa. Sijaliuliza lilikuwa vipi. Kipima joto kinajiandikia chenyewe kila saa, waya uwepo usiwepo. Mlifunga mdomo, Ato Melaku. Hamkufuta kumbukumbu."

Safari hii hakuomba namba moja. Aliitisha orodha yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mistari ikamwagika kwenye skrini nyeusi kama maharage kutoka kwenye debe. Akaisimamisha, akarudi juu, akasoma.

"Ijumaa jioni, nyuzi nne. Jumamosi alfajiri, moja. Saa kumi na mbili, mbili chini ya sifuri. Saa moja, tano chini ya sifuri. Saa mbili, saba chini ya sifuri. Saa tatu, saba chini ya sifuri. Likakaa hapo mchana kutwa, usiku kucha, mpaka Jumapili saa sita mchana. Halafu linapanda."

Alinyanyua kichwa.

"Halikupata joto. Liligandisha. Ulilikuta saba chini ya sifuri, Ato Melaku, ukalifunga mdomo, kisha jana ukaja kulirekebisha ukidhani litasahau."

"Jana sikuja!"

"Tumuite tena Gashe Abegaz?"

Akanyamaza. Mara ya kwanza, wasomaji, mtu yule kunyamaza tangu sehemu ya tatu.

Lakini hakukaa kimya sana. Alitia mkono mfukoni, akatoa kichupa kimoja cha chanjo, akakiweka mezani taratibu.

"Nimekichukua garini asubuhi, kwa mkono wangu. Sista, wewe ni mtaalamu. Angalia kibandiko. Chanjo ikiharibika, kibandiko kinakuwa cheusi. Tuambie, ni cheusi?"

Sista Fanaye alikiinua kwenye mwanga.

"Cheupe," alisema.

"Cheupe! Namshukuru Mungu. Kompyuta ya huyu binti inasema moja, chanjo yenyewe inasema lingine. Twende garini."

"Subiri." Sista bado alikuwa amekishika kichupa. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kibandiko kinajua joto tu, Ato Melaku. Baridi hakiijui. Chanjo hii ya dondakoo na kifaduro ikiganda inakufa, na kibandiko kinabaki cheupe kama harusi. Wewe unalijua hilo. Ulinifundisha wewe mwenyewe, miaka tisa iliyopita."

Hakungoja jibu. Alishuka chini mwenyewe, akarudi na kichupa kingine kutoka jokofu la pili, ambalo skrini ya ukutani ilionyesha halijawahi kuyumba. Akavishika vyote viwili mkono mmoja, akavitikisa kwa nguvu. Maji meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, vyote viwili sawasawa. Akavisimamisha dirishani.

"Tunangoja robo saa."

Dakika tano, hakuna tofauti; Sista akawapigia simu watu wa mkoa, na Zemzem akawatumia ile orodha ya jokofu. Dakika saba, Ato Melaku alitoka nje na simu sikioni, na hakuna aliyemzuia, macho yote yalikuwa dirishani. Dakika ya tisa Biniam alinong'ona, "Angalieni."

Kichupa cha jokofu la pili kilikuwa bado cheupe chote. Kile kingine kilikuwa kimegawanyika. Juu maji maangavu. Chini, mabonge madogo madogo yamelala kama unga usiokorogeka.

"Iliganda," Sista alisema. "Ningewachoma watoto mia nane maji matupu. Mama zao wangerudi nyumbani wakijua watoto wamekingwa."

Na wakati uleule, chini uani, gari likawashwa.

Zemzem alishuka zile ngazi kwa kuruka tatu tatu. Alipotokea uani, Land Cruiser nyeupe ilikuwa imeshageuza pua, Seid dereva kwenye usukani, Ato Melaku pembeni yake akipiga dashibodi kwa kiganja: "Nenda! Nenda!"

Mbele ya gari, geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mbele ya mnyororo alisimama Gashe Abegaz, mikono nyuma.

Seid alipiga honi.

"Piga tena," mzee alisema. "Sikio hili halisikii vizuri."

"Abegaz, fungua geti! Ni amri!" Ato Melaku alitoa kichwa dirishani.

"Binti hajapiga kelele kwamba nifungue."

"Nitakufukuza kazi leo hii!"

"Fukuza. Nimesimama mbele ya vifaru, bwana mkubwa. Wewe umekuja na Land Cruiser."

Seid alizima injini. Akachomoa ufunguo, akashuka, akampa Zemzem mkononi. Ato Melaku alibaki amekaa peke yake ndani ya gari lisilo na ufunguo, tai imepinda, akijifanya anatafuta kitu kwenye simu.

"Hakuna gari linalotoka hapa," Zemzem alimwambia kupitia dirishani. "Wala wewe. Sista ameshawapigia watu wa mkoa. Na orodha ya jokofu nimeituma kwao, mstari kwa mstari. Ifute na hiyo."

Biniam na Seid walifungua mlango wa nyuma. Sista Fanaye akaanza kuhesabu masanduku ya baridi, akigusa kila moja kwa kalamu.

"Saba... nane... tisa." Akarudia. "Zemzem, jokofu la nne lilitoa masanduku mangapi?"

"Kumi na mawili. Nimeona fomu."

"Hapa yako tisa."

Wote wakamgeukia Seid.

"Matatu yalichukuliwa saa mbili asubuhi. Na gari la Mersa."

Sista alishapiga simu kabla hajamaliza. Iliita mara moja, mbili, nne. Zemzem aliinyakua akaiweka sauti ya juu.

"Haloo, kliniki ya Mersa?"

"Ndiyo, mimi ni Sista Lubaba."

"Dada, naitwa Zemzem Yimam, niko ghala la Dessie. Zile chanjo za asubuhi, simamisha! Msichome hata moja! Ziliganda."

Upande wa pili palikuwa na makelele ya akina mama na watoto. Kisha Sista Lubaba akasema, taratibu sana:

"Zemzem? Ato Melaku amenipigia sasa hivi. Ameniambia atapiga simu mwanamke anayeitwa hivyo, amefukuzwa kazi, anataka kuharibu kampeni, nisimsikilize." Akapumua. "Mtoto wa thelathini na saba yuko mapajani kwa mama yake. Sindano iko mkononi mwangu. Niambie, dada. Kwa nini nikuamini wewe?"

Zemzem alifungua mdomo kujibu.

Simu ikazimika, na kabla haijazimika, wote watano uani walimsikia mtoto akilia.